Sauti Ipo, Kioo Kimekufa

Simu ilinikuta nimekaa barazani nachambua mchele. Alikuwa Tatu, binti wa marehemu dada yangu, anayeishi Mtawanya, na hakunizungusha. “Mama mdogo, mtani wako ametangulia. Dadi. Wanazika baada ya adhuhuri. Njoo, na uje na maneno yako.” Nikasema inna lillahi, nikarudi kwenye ungo, na ilinichukua muda kugundua kwamba nilikuwa natupa mchele na kubakisha mawe. Sikulia. Niliinuka, nikatafuta kanga ya kwendea msibani, nikasimama mbele ya kabati kama mgeni nyumbani kwangu mwenyewe. Nilichokuwa nakifikiria si kifo. Nilikuwa nafikiria sauti yake, kwa sababu nilijua leo nitatakiwa kuitoa mbele za watu.

Ukoo wetu na ukoo wa Dadi ni watani tangu kwa mababu, na kwetu kusini mtani ana kazi yake msibani. Wenye msiba wanalia, yeye anawachekesha. Atakwapua sufuria jikoni, atajilaza kwenye mkeka wa marehemu adai ndipo pake, na atamwigiza marehemu mwenyewe, alivyotembea, alivyokohoa, alivyoita watu. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtani akishindwa kuchekesha, watu wanarudi makwao wakisema marehemu hakupata haki yake. Na kwa kumwigiza Dadi mimi sina mpinzani katika Mtwara nzima. Nilianza mazoezi nikiwa msichana, mwaka ule wa mashine ya gemu, na mwaka huo mpaka leo haujanitoka.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika huko kwenye mabonde ya Rufiji, na kitu kilichofika Mtwara kilifika kwa meli au hakikufika kabisa. Sukari ilikuwa ikisubiriwa kama bwana harusi. Mimi nilikuwa nakaa Magomeni, hii ya hapa Mtwara, kwa mama mdogo Hadija, aliyekuwa na hoteli ya chapati, maharage na samaki wa kukaanga, mabenchi mawili nje na meza kadhaa ndani. Nyuma ya hoteli kulikuwa na chumba kilichowahi kuwa stoo ya korosho, na kuta zake hazikuacha kunuka moshi wa korosho za kubangua hata tulipozipaka chokaa. Humo ndimo mama mdogo alimoiweka mashine ya gemu, aliyouziwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akihama mji. Ilikuwa kabati la mbao refu kuliko mimi, kioo kifuani, chini yake kirungu cha kuongozea na vitufe vyekundu vilivyokwishalika kwa vidole vya watu wa nchi nyingine. Pembeni ilikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, si mwalimu wa madrasa wala maofisa wa bandarini waliokuja kula. Ilikuwa imezeeka kabla haijatufikia. Ukiitia sarafu ilipiga kiwimbo kifupi cha furaha, halafu vindege vidogo vikaanza kumwaga mabomu, na wewe ukivunja hiki, kinakuja kile. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti mlangoni, kuamua nani zamu yake, na kugombana na wanaume wazima waliogoma kuwapisha watoto.

Haikumaliza mwezi, kioo kikafa. Ilikuwa katikati ya mchezo, chumba kimejaa, mara giza kifuani mwa mashine na kelele za watu zikaelekezwa kwangu kana kwamba nimekipuliza mimi. Mama mdogo akamtuma mtu sokoni kumwita fundi redio. Alikuja kijana mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye vifaa vyake kwa sababu ya mvua. Alinisalimia kwa adabu, akauliza mgonjwa yuko wapi. Nilidhani atakimbilia kukifuta kioo, kama kila mtu alivyokwishafanya. Hakukiangalia hata. Aliinama, akaweka sikio kwenye ubavu wa mbao, mkono mmoja ameuinua kututaka tunyamaze.

“Tia sarafu,” akaniambia.

Nikatia. Gizani mle mashine ikapiga kiwimbo chake cha furaha, chote, mpaka mwisho.

“Nsikilizeni,” akasema, bado ameinama. “Ntu huyu nzima kabisa. Kafumba macho tu.”

Halafu akanieleza, mimi peke yangu, kwa sababu ndimi niliyekuwa karibu. Alisema fundi mbaya huanza na kioo kwa kuwa kioo ndicho kinachoonekana. Sikiliza kwanza. Sauti ikiwepo, basi bodi inayofikiri iko hai, vindege bado vinaruka humo ndani ingawa huvioni, na ugonjwa utafute kwenye kioo na nyaya zake tu. Sauti nayo ikiwa imekufa, anza kwenye umeme. Akafungua mlango wa nyuma, akanionyesha shingo ya kioo, bomba la gilasi jembamba, akasema hapo panatakiwa pawake kijitaa cha rangi ya chungwa, na hapakuwaka. Akanikataza kukaribia. Alifunga waya kwenye bisibisi, akaichomeka chini ya kifuniko cha mpira juu ya kioo, ikalia pa! nikaruka. “Ukikizima bado kina umeme,” akasema. “Usikiamini kioo kilichozimwa.” Ugonjwa wenyewe ulikuwa risasi ya kuungia iliyopasuka, labda kwa misukosuko ya melini. Aliichoma upya, moshi wake ukachanganyika na ule wa korosho, na picha ikarudi ikitetemeka kama mtu aliyeamshwa.

Mama mdogo alimwekea sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ilikuwa mwisho mwisho wa msimu wake, na chai ya rangi. Hapo ndipo wakaanza kuulizana ya ukoo, kama watu wa kwetu wanavyofanya kabla mtu hajameza tonge la pili. Mtoto wa nani, wa wapi, mama yake ametoka ukoo gani. Dadi, maana ndivyo alivyojitaja, aliposikia wetu, akaweka mng'oko chini, akanigeukia, adabu yote ya asubuhi imemtoka.

“Kumbe!” akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. “Kumbe nke wangu yuko hapa, na mimi nahangaika kula kwa watu!”

Watu wakacheka, maana hivyo ndivyo watani wa kiume na wa kike wanavyoitana, mume wangu, mke wangu, na haimaanishi chochote. Nami sikukosa jibu. Nilimwambia sina mume mwenye shingo ndefu namna ile, labda aliolewa na bata wa jirani. Wakacheka tena. Yeye alicheka mpaka chai ikampalia. Ningeweza kusema nilimpenda siku ya baadaye, ingeonekana nina akili zaidi, lakini nilimpenda hapo hapo, akikohoa chai.

Kilichofuata ni miezi ya furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena, nalisema hili nikiwa nimeolewa, nimezaa na nimezika mume mwema. Mashine ile haikukaa wiki bila kuumwa. Mara picha inapanda juu kama maji yanayochemka, mara rangi nyekundu imepotea na kila kitu kimekuwa cha bluu, mara kirungu kimeshika. Mama mdogo alilaani, mimi nikasikitika naye kwa mdomo, moyoni nikasema ahsante. Kila ugonjwa ulimleta Dadi. Aliingia akiita kutoka mlangoni, “Nke wangu, umempa nini ntoto wetu?” Ntoto ndiyo mashine. Nami nilimjibu amerithi kichwa kibovu cha baba yake. Nilimshikia tochi. Nilijifunza kusikia mluzi mwembamba unaotoka nyuma ya kioo kizima, mwembamba kiasi kwamba wazee hawausikii, na kujua kwa kukosekana kwake kwamba kioo hakina moto. Alikuwa akiniuliza, “Umesikia nini?” na akisubiri kweli jibu langu. Hakuna aliyewahi kunisubiri hivyo.

Ulimi wake ulikuwa wa Kimakonde cha bara, haukubali m mbele ya neno. Mtu kwake ni ntu, mkono ni nkono, mji wetu wenyewe ni Ntwara. Mimi niliyepata madarasa kadhaa nilimfanyia mzaha usiokwisha.

“Sema mke.”

“Nke.”

“Funga midomo kwanza. Mmm. Mke.”

“Nnn. Nke.”

“Ulimi umeingia kutu huo, upake risasi.”

Siku moja aliacha kuchoma waya, akaniangalia juu ya kile chuma cha moto. “Mke” ni ya walimu na makadhi, akasema, na aliitamka sawasawa, midomo imefungwa vizuri, mpaka nikashangaa. “Kumbe unaweza!” nikamwambia. Akasema anaweza, ila hana haja nayo. “Siku nikikuita hivyo, ujue nimekuja na kadhi.” Akarudi kwenye waya wake. Nilicheka. Nilikwenda uani kuchota maji yasiyohitajika, nikakaa juu ya ndoo, nikacheka peke yangu.

Ukuta kati ya chumba cha gemu na jiko ulikuwa wa mabati, na bati halijui siri. Mwezi wa Ramadhani, hoteli imefungwa mchana na mimi nafagia chumba, nilimsikia mama mdogo na Bi Sharifa wa nyumba ya pili wakimenya mihogo ya futari. Bi Sharifa alisema yule fundi haji kwa ajili ya mashine peke yake. Mama mdogo akasema yule ni mtani. “Mtani si anaoa?” Bi Sharifa akauliza. Anaoa, mama mdogo akamjibu, dini haikukataza, lakini wewe mtani akikuambia anakupenda utamwaminije? Akikuambia nyumba inaungua utabaki umekaa. “Maneno ya mtani ni ya kuchekea, Sharifa. Mimi namwombea huyu mtoto asije akayashika kwa mikono miwili.” Nilisimama na ufagio. Nilikuwa nimekwishayashika. Tangu siku hiyo nilijua nataka nini hasa: nilitaka siku moja, kabla mashine haijapona ikatulia na kumwondolea sababu ya kuja, mmoja wetu aseme neno moja lisilo la utani na mwenzake alisikie.

Ramadhani hiyo hiyo picha nzima ilijikunja ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, mlalo, kama uzi wa kuanikia nguo. Sauti ipo. Dadi alisikiliza kwanza, kama kawaida, kisha akasema sehemu inayoivuta picha juu na chini ndiyo iliyolala. Vipuri hakuna, barabara imekatika. Akapata televisheni iliyotupwa Mikindani, akaja nayo kichwani kwenye mvua, akang'oa kondensa zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, moja moja. Tulifuturu pamoja siku hizo, uji wa pilipili manga na tambi za sukari ya magendo, yeye akila haraka ili arudi kwenye kazi. Mstari ukafunguka siku mbili kabla ya Idi, ukapanda juu na kushuka chini mpaka ukajaza kioo, na vindege vikarudi. Tulishangilia kama timu ya mpira. Halafu tukatia sarafu, na mashine ikakaa kimya.

Huo ndio ugonjwa alioogopa. Picha safi, sauti hakuna, ila mngurumo wa chini kama tumbo la mtu aliyefunga. Mngurumo ulikuwa kazi ya kondensa nyingine, ukatibika. Lakini spika yenyewe, alipoitoa, karatasi yake ilikuwa imeliwa na mende, imebaki fremu na sumaku. Tulijaribu kuacha watoto wacheze hivyo hivyo. Walicheza kidogo wakaacha. Mmoja akasema, “Dada, mabomu hayaumi.” Idi kesho kutwa, watoto wa Magomeni yote wameahidiwa gemu, na mama mdogo amekwishatangaza. Dadi aliaga bila utani wowote. Kesho yake akarudi na spika chini ya kwapa, imefungwa kwenye kitambaa, akaifunga kwa skrubu, na kiwimbo cha furaha kikalia kwa sauti nene ambayo mashine haikuwa nayo hata ilipokuwa mpya.

“Umeipata wapi?” mama mdogo akauliza.

“Redio yangu inapumzika,” akasema. Ile redio kaseti ndiyo iliyokuwa mali yake, ndiyo iliyoita wateja kwenye kibanda chake sokoni. Halafu, kwa kuwa chumba kilikuwa na watu, akanyoosha kidole kwangu. “Nsiniulize sana. Hiyo mahari ya nke wangu.”

Walicheka wote. Nilisema mahari ya spika moja ni ya kuolea kuku. Walicheka zaidi. Idi ile watoto walijaa mpaka mlangoni na nguo zao mpya, na kila sarafu ilipotumbukia nilisikia mahari yangu ikiimba.

Baada ya hapo mashine ilipona. Nilingoja ugonjwa, haukuja. Mvua zikaisha, magari yakaanza kupita, sukari ikashuka bei. Dadi alikuja kula siku moja moja, akaweka sikio kwenye ubao, akasema ntoto kalala vizuri, akaondoka. Niliwahi hata kufikiria kulegeza waya. Nilijua upi. Nilifungua mlango wa nyuma, nikaiangalia ile shingo yenye kijitaa cha chungwa, nikafunga.

Siku aliyokuja kuaga ilikuwa Ijumaa baada ya swala, wakati hoteli imejaa kuliko siku zote. Mjomba wake alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, huko watu walikuwa wamerudi makwao baada ya vita, redio nyingi, fundi hakuna. Alikuwa amemwita muda mrefu. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la chapati. Alisimama katikati ya meza, shati limefungwa mpaka kooni kama siku ya kwanza, akaniita mbele ya wote.

“Mke wangu,” akasema. “Nakwenda Msumbiji. Ukiniambia nibaki, nitabaki.”

Watu wakageuka, midomo imekwishaanza kutabasamu, wakisubiri jibu langu, maana majibu yangu yalikuwa yakisimuliwa mpaka sokoni. Nami nikawapa. Lilitoka lenyewe, kama mkono unavyofukuza nzi. “Nenda, nenda! Na ukirudi uniletee mke mwenza mwenye mgongo mpana, mimi nimechoka kukuchotea maji!” Hoteli ikalipuka. Mzee mmoja alipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Dadi naye akacheka, akachelewa kidogo kuanza. Akampa mama mdogo mkono, akampa na Bi Sharifa, mimi akaniinulia tu kiganja kwa kuwa nilikuwa na sinia. Akatoka.

Jioni tukiosha vyombo, wanawake walinitaka niwarudishie ile kali ya mchana. Nikasimama, sufuria mkononi, nikakaza shingo, nikafunga kifungo cha kooni kisichokuwepo. “Nke wangu,” nikaigiza, “nakwenda Nsumbiji.” Walikufa kwa kicheko. Lakini sikio langu mwenyewe lilikataa. Sivyo alivyosema. Nikajaribu tena kimoyomoyo, na hapo nikamsikia, wazi kama ninavyowasikia wajukuu zangu sasa hivi: midomo imefungwa, m imetoka nzima. Hata Msumbiji aliisema sawasawa. Alikuja na kadhi wake, akasimama mbele ya hadhara, na mimi nikasikia kicheko cha watu kabla sijamsikia yeye.

Nilitoka na mikono ya majivu mpaka alikokuwa amepanga. Mwenye nyumba alikuwa anafagia. “Yule fundi? Kapanda lori la Kilambo, la kwenye kivuko, tangu alasiri, mwanangu. Saa hizi yuko ng'ambo.” Nilirudi. Mama mdogo aliniona uso, akanivuta kwenye chumba cha gemu, akafunga mlango. Nikamwambia alivyosema, m kwa m. Alinifuta majivu mikononi kwa kanga yake. Kisha akasema, “Ulimi unateleza, Somoe. Ni mtani yule. Usijiumize.” Nililia nikiwa nimeegemea ubao wa ile mashine, na mtoto mmoja nje akagonga akiuliza kama gemu limefungwa.

Nilimngoja. Baadaye nikaacha kungoja, nikaolewa na karani wa bandarini, mtu mpole kutoka Songea aliyeukubali ubishi wangu. Mashine ilikufa kioo na sauti kwa pamoja siku umeme ulipopanda ghafla, na hakukuwa na wa kuisikiliza. Seremala alichukua mbao akatengeneza kabati la vyombo. Spika niliing'oa mwenyewe kabla hajaja.

Dadi alirudi miaka mingi baadaye, nywele zimeanza mvi, na mke mzuri wa Kimakonde wa ng'ambo, Bi Awetu, na watoto. Alijenga Mtawanya. Tulikutana soko kuu, mimi nachagua samaki. Nilimsikia kabla sijamwona. “Nke wangu!” kwa sauti ile ya kusikika barabarani, mikono ameifungua. “Nimekuletea nke nwenza! Tazama ngongo ulivyo npana!” Bi Awetu akacheka, wauza samaki wakacheka. Nami nilicheka, nikamwambia ameniletea mgongo mzuri akaacha shingo ndefu ile ile. Lakini nilisikia ile n, na nikajua kwamba alikuwa amelifunga lile jambo, kwa heshima, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba aliyohama. Sikumuuliza hata siku moja. Ningemuulizaje? Swali la mtani hujibiwa kwa utani. Basi tukaishi hivyo, arusi kwa arusi, msiba kwa msiba, akiniuliza hali ya spika yake, nikimjibu mahari hairudishwi. Ilikuwa mvunguni mwa kitanda changu. Ipo mpaka leo.

Nilifika Mtawanya wanaume wakiwa wamekwishabeba jeneza. Uani wanawake walikuwa wamejaa mikekani, na Bi Awetu alikuwa chumbani, ameanza eda, pazia limefunguliwa nusu ili asikie. Nilipotokea tu, Tatu akapiga kelele, “Watani hao!” na vilio vikapungua, maana walijua zamu yangu imefika. Nikafanya kazi yangu. Nilikwapua kifuniko cha sufuria, nikadai marehemu kafa kwa kukimbia kunichotea maji. Nilitembea kwa shingo yake. Niliweka sikio kwenye mlango wa choo, nikainua mkono kuwanyamazisha, nikasema, “Nsikilizeni! Ntu huyu nzima, kafumba macho tu!” Walicheka huku machozi yanawatoka, na nikamsikia Bi Awetu ndani naye anacheka kwa kwikwi. Kumbe alikuwa akisema hivyo kwake pia, kwenye kila redio.

“Mwigize anavyokuita!” mtu akasema. “Mwigize!”

Nikajifunga kifungo cha kooni. Nikasimama katikati ya mikeka, nikafungua mdomo kusema kile walichokitaka, na kikatoka kingine.

“Mke wangu,” nikasema. “Ukiniambia nibaki, nitabaki.”

Hakuna aliyecheka. Walitazamana. Bibi mmoja wa ukoo wake, mdomo hauna meno, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyeharibiwa kitu kizuri.

“Ah, ntani, hapo umekosea. Dadi hakuwa akisema hivyo.”

“Hakusema mke hata siku moja,” akadakia mwingine.

Na kutoka nyuma ya pazia Bi Awetu, sauti imemkauka kwa kulia, akasema taratibu, kama anayenisaidia, “Hata mimi, mwenzangu, mpaka jana aliniita nke. Hakuwa na lingine.”

Wote walikuwa wananiangalia, wananingoja nirekebishe. Nikanyoosha shingo, nikaweka ulimi nyuma ya meno.

“Nke wangu,” nikasema.

“Ndiye huyo!” wakashangilia. “Ndiye Dadi huyo!” Wakacheka, wakapiga makofi, na nikairudia tena na tena mpaka wanaume walipotoka makaburini.